Gari Dogo la Kator na Daftari Lake

Wazazi wengi humwona mtoto anayechezea gari kuwa anapoteza wakati, na humwona kijana wa miaka kumi na sita anayefanya hivyo kuwa amekwisha kupotea yeye mwenyewe. Mawazo hayo si ya kushangaza. Katika nyumba ambamo kila senti ina kazi yake, mchezo huonekana kuwa mwizi wa vitu viwili kwa pamoja, yaani wakati na fedha. Hata hivyo, ipo michezo ambayo ndani yake mna shule, na mzazi asiyeichungulia huweza kuifunga shule hiyo pasipo kujua. Mmojawapo ni mchezo wa kuunda na kurekebisha magari madogo ya mashindano yanayoongozwa kwa redio, hasa yale yanayovutwa kwa magurudumu yote manne na kukimbizwa kwenye ardhi isiyo na lami.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba gari la namna hii si lile la plastiki linalouzwa sokoni na kufa kabla ya sikukuu kwisha. Ni mtambo kamili. Lile la kipimo cha moja kwa kumi lina urefu wa sentimita 40 hivi na uzito unaozidi kidogo kilo moja na nusu. Lina chasisi, mikono ya kushikia magurudumu, shokapu nne zenye mafuta na springi, difu mbele na nyuma, mota ya umeme, kidhibiti mwendo, mota ndogo ya kugeuzia usukani, na kipokezi kinachosikiliza amri za rimoti. Kila kipande hufungwa kwa skrubu, na kila skrubu yaweza kufunguliwa. Hapo ndipo ilipo tofauti yake na kitu cha kuchezea tu: mwenye gari hili hutumia saa nyingi zaidi akiwa ameinama juu yake na bisibisi kuliko akiwa amesimama na rimoti.

KUTOKA WAYA HADI REDIO

Gari moja la aina hiyo lilifika Kator, ile sehemu ya mji wa Juba ijulikanayo kwa Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa na kwa pilikapilika za soko la Konyokonyo. Lilifika katika nyumba ya mama mjane mwenye watoto watatu, ambaye riziki yake ni chai na mandazi ya asubuhi. Familia hiyo, kama nyingine nyingi za Sudan Kusini, ilikuwa imeishi miaka kadhaa katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 katika nchi ya Waturkana, kaskazini mwa Kenya. Watoto walisoma huko, na ndiyo maana Kiswahili kilibaki kuwa lugha ya nyumba hiyo, ingawa nje ya ua wao mtaa wote husema Kiarabu cha Juba.

Mtoto wa kwanza, mvulana, alikuwa fundi wa magari ya waya tangu angali mdogo. Kila aliyekulia Afrika Mashariki ameyaona magari hayo: waya wa uzio uliookotwa, makopo ya mafuta, magurudumu yaliyokatwa kutoka ndara zilizochakaa, na ufito mrefu wenye usukani juu yake ili mwendeshaji aweze kukimbia nyuma akikata kona. Watu hulidharau gari la waya, lakini mtoto aliyeliunda amekwisha kukutana na maswali makubwa ya uhandisi. Amejiuliza kwa nini gurudumu la ndani hukwama kwenye kona, kwa nini ekseli iliyopinda kidogo hulivuta gari upande mmoja, na kwa nini mzigo ukiwekwa juu sana gari hupinduka. Hakufundishwa majibu, aliyapata kwa kufunga na kufungua.

Mjomba wake, aishiye Melbourne huko Australia, alikuwa amesikia habari za magari hayo ya waya. Akanunua gari la redio lililokwisha kutumika, la magurudumu manne, akalisafisha, akalirekebisha uani kwake wakati wa baridi, kisha akampa msafiri mmoja alilete pamoja na chaja na betri mbili, ambazo msafiri huyo alizibeba mkononi ndani ya ndege kama sheria za usafiri zitakavyo.

Furaha ya kijana haikudumu hata juma moja. Mfanyabiashara mmoja wa Konyokonyo aliliona, akataja bei iliyokaribia karo ya muhula mzima. Mama alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu alimwita mwanawe jikoni.

"Mwanangu," akasema, "gari hili linakula. Betri zinakula, muda wako unakula. Nakuachia mpaka muhula ufungwe. Nionyeshe linazaa nini. Lisipozaa kitu, litalipa karo yako."

"Nimesikia, Mama," kijana akajibu. Hakuwa na neno jingine, kwa maana hata yeye hakujua lingezaa nini.

NGUVU HUKIMBILIA KWA MVIVU

Siku ya kwanza uwanjani gari lilimwaibisha. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande cha ardhi ya kawaida ya Juba wakati wa kiangazi: udongo mwekundu uliokaza kama sakafu, na juu yake vumbi laini na changarawe. Gari lilirukaruka kama chura. Kila lilipofika kwenye kona yenye tuta, gurudumu moja la mbele liliinuka, likazunguka hewani kwa kasi ya ajabu, na gari zima likapungukiwa nguvu papo hapo.

Jirani yao, dereva mzee mwenyeji wa Yei, aliyeendesha malori kati ya Juba na Uganda kwa miaka mingi, alikuwa akitazama kutoka kivulini.

"Mzee, mota ina nguvu, lakini gari haliendi," kijana akalalamika.

"Nguvu ipo, mwanangu," mzee akajibu, "ila inakimbilia kwa mvivu. Difu ndivyo ilivyo. Gurudumu lenye mzigo hainalo habari. Lile linaloning'inia bila kazi ndilo inalolilisha."

Maneno hayo ni mepesi, nayo ndiyo siri ya gari lolote la magurudumu manne, dogo kwa kubwa. Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuzwa. Difu iliundwa kuyaruhusu yazunguke kwa kasi tofauti. Lakini ruhusa hiyo ina gharama: gurudumu lisiloshika ardhi ndilo rahisi kuzungushwa, na kwa hiyo ndilo linalozunguka, huku lenzake limesimama. Mzee huyo aliijua gharama hiyo kwa mwili wake. Kabla ya barabara ya Juba kwenda Nimule, yenye kilometa 192, kukamilishwa kwa lami mwaka 2012, msimu wa mvua uliigeuza kuwa matope, na lori lililotumbukia gurudumu moja lingeweza kulala hapo siku kadhaa. Malori mengine yana njia ya kuifunga difu ili magurudumu yazunguke kwa pamoja. Yasiyo na njia hiyo hutegemea mawe, matawi na mabega ya watu.

Gari dogo halina wa kulisukuma, basi hutumia mafuta. Ndani ya kila difu yake hutiwa mafuta ya silikoni ambayo huzifanya gia ndogo zilizomo zisiteleze upesi. Mafuta ya shokapu hupimwa kwa mamia, lakini ya difu hupimwa kwa maelfu, nayo ni mazito kama asali. Yakiwa mepesi, gari hukata kona kwa wepesi, ila nguvu hupotea kila gurudumu linapoinuka. Yakiwa mazito, magurudumu mawili huvuta kama ndugu, ila gari huwa gumu kugeuka, na likizidishiwa mafuta hayo nyuma, mkia wake huteleza dereva anapoongeza mwendo. Hapana mafuta yaliyo bora kila mahali. Yako tu yanayofaa uwanja huu, kwa siku hii.

Kijana alifungua difu ya mbele na kuikuta imekauka kwa sababu mpira wa kuzuia mafuta ulikuwa umechanika. Mota ya mjomba haikuwa na kosa lolote.

Ukweli kwamba magurudumu manne peke yake hayatoshi ulionekana pia katika mashindano makubwa ya Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya themanini magari yavutayo kwa magurudumu manne yalikwisha kutawala mashindano ya Ulaya, lakini Safari ilikataa kuyapokea kwa urahisi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kwa magari ya Datsun yavutayo kwa magurudumu ya nyuma tu. Miaka ya 1984, 1985 na 1986 Toyota zilizovuta kwa nyuma ziliendelea kushinda. Mpaka mwaka 1987 ndipo Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda akiwa na Audi ya magurudumu manne. Vumbi, mashimo na joto vilikuwa vikiuliza swali tofauti na lile la Ulaya. Havikuuliza gari lipi lina nguvu zaidi. Viliuliza lipi litafika likiwa zima.

Magari madogo nayo yalipita njia hiyohiyo. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa magari yake ya kwanza ya redio ya kukimbia porini mwaka 1979, nayo yalivuta kwa nyuma. Gari lake la kwanza la aina hiyo lenye kuvuta kwa magurudumu manne, Hotshot, lilitoka mwaka 1985. Mwaka huohuo mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya umeme ya moja kwa kumi yalifanyika Del Mar, California, na ya pili yakafuata mwaka 1987 huko Romsey, Uingereza, ambako Mjapani Masami Hirosaka alitwaa ubingwa wa magari ya magurudumu manne. Enzi hizo kila mshindani alilazimika kuwa na kristali yake ya mawimbi ya redio, kwa maana wawili wakitumia wimbi moja, rimoti ya mmoja huliendesha gari la mwingine hadi ukutani. Siku hizi rimoti za gigahezi 2.4 hutafuta nafasi zenyewe, na tatizo hilo limekwisha. Tatizo la kugawa nguvu kwenye ardhi mbaya halikwisha, wala halitarajiwi kwisha.

JOTO LA JUBA

Difu ilipopata mafuta na mpira mpya, gari lilivuta, lakini liliendelea kuruka. Kijana alidhani springi ni laini mno. Mzee wa Yei alilitwaa gari, akaliinua kiasi cha shibiri moja kutoka ardhini, akaliachia. Likadunda mara tatu.

Jaribio hilo ni la kale na halihitaji chombo chochote. Gari lililo sawa likiachiwa kutoka kimo hicho hutua, hubonyea, kisha huinuka mara moja na kutulia. Likidunda, mafuta ya shokapu ni mepesi mno au yana hewa ndani. Likiinuka polepole kama mgonjwa, ni mazito mno. Springi hubeba gari. Mafuta ndiyo huamua springi irudi kwa haraka kiasi gani. Wanaoanza huvichanganya vitu hivi viwili, na hubadilisha springi wakati ugonjwa uko kwenye mafuta.

Kwa nini basi gari lililotulia Melbourne lidunde Juba? Jibu liko angani. Mjomba alilirekebisha majira ya baridi, wakati ambapo mchana wa Melbourne huwa nyuzi 14 hivi. Kator, katika miezi ya Februari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 35, na chasisi iliyoachwa juani huzidi hapo. Mafuta ya silikoni hustahimili joto kuliko mafuta ya kawaida, ila nayo hulegea. Mafuta yaliyokuwa mazito ya kutosha kule yaligeuka kuwa maji huku. Kijana aliomba chupa moja ya mafuta mazito zaidi, mjomba akaituma, na kazi ya kujaza shokapu ikafanywa kwa utulivu: mafuta yakatiwa hadi ukingoni, pistoni ikapandishwa na kushushwa polepole mpaka mapovu yakaisha, kifuniko kikafungwa, na shokapu nne zikalinganishwa mbili mbili kwa urefu na kwa ugumu.

Joto halikuishia hapo. Mota nayo ililalamika. Kanuni ya mafundi wa magari haya ni nyepesi: baada ya dakika chache za mbio, weka kidole juu ya mota, usipoweza kukiacha hapo sekunde tatu, mota inabebeshwa kuliko uwezo wake. Dawa yake si kununua mota nyingine, bali kuweka gia ndogo zaidi kwenye mota, ili izunguke kwa wepesi. Gari hupoteza kidogo mwendo wake wa juu, lakini hutoka kwenye kona kwa nguvu na mota huishi. Na ili meno ya gia hizo mbili yasigusane kwa kubanana wala kwa kuachana, huwekwa karatasi nyembamba katikati yake, gia zikasukumwa zikutane, skrubu zikafungwa, kisha karatasi ikatolewa. Nafasi iliyoachwa na karatasi ndiyo nafasi inayotakiwa.

Yalibaki magurudumu. Tairi za magari haya hazijazwi upepo. Ndani yake huwekwa sponji, na ukingo wake hugandishwa kwenye rimu kwa gundi kali. Meno marefu hufaa udongo uliolegea unaochimbika. Juu ya ardhi iliyokaza yenye vumbi, meno marefu hulala na kuteleza, na yale mafupi yaliyosongamana hushika zaidi. Mjomba alikuwa ametuma aina zote mbili. Kijana alikuwa amefunga zile za meno marefu kwa kuwa zilionekana za kutisha.

Usafi nao ni sehemu ya ufundi. Vumbi la Juba huingia kila tundu, hukaa ndani ya beringi na kuzisaga. Baada ya kila mbio gari lilipigwa brashi kavu, beringi zikajaribiwa moja moja kwa kidole, na ile iliyokwaruza ikatolewa na kuoshwa. Maji hayakutumiwa, maana maji na vumbi hilo huzaa matope yaendayo mahali ambapo brashi haifiki.

JAMBO MOJA KWA WAKATI MMOJA

Kosa kubwa la kijana halikuwa la mikono. Ilikuwa haraka. Jumamosi moja alibadilisha tairi, mafuta ya shokapu za nyuma na pembe ya magurudumu ya mbele, yote kabla ya kwenda uwanjani. Gari likawa baya kuliko awali, naye hakuweza kujua ni lipi kati ya matatu lililoliharibu. Ikambidi arudishe yote na kuanza upya.

"Sisi barabarani," mzee akamwambia, "gari likizima, hatugusi vitu viwili. Unagusa kimoja, unawasha. Ukigusa viwili likawaka, utajuaje kesho likizima tena?"

Hapo ndipo daftari lilipozaliwa. Lilikuwa daftari la kawaida la shule lenye mistari, nalo lilipigwa safu tano: tarehe, hali ya ardhi, kitu kimoja kilichobadilishwa, muda wa mizunguko mitano kwa saa ya simu, na maneno machache juu ya tabia ya gari. Njia ya mbio iliwekwa alama kwa matofali na tairi kuukuu ili isibadilike kati ya siku na siku. Badiliko lililoongeza mwendo lilibaki. Lililopunguza liliondolewa, lakini halikufutwa daftarini, kwa sababu kujua kisichofaa ni elimu vilevile.

Mwishoni mwa juma la sita daftari lilikuwa na mambo ambayo hakuna aliyemwambia kijana huyo. Alijua kwamba gari lake hupenda kuinamishwa chini kidogo ardhi inapokauka, na kuinuliwa mara mvua za kwanza zinapolainisha udongo. Alijua kwamba magurudumu ya mbele yakiegemea ndani kwa nyuzi moja au mbili hushika kona vizuri, na yakizidishwa hula tairi upande mmoja. Alijua pia kwamba siku fulani mwendo mbaya haukutokana na gari, bali na dereva aliyekuwa na hasira, na hilo nalo lilikuwa limeandikwa.

BETRI NA USALAMA WA NYUMBA

Jambo moja katika habari hii lawahusu wazazi wote, hata wasio na magari ya redio, maana betri za lithiamu zimeingia nyumbani kwa njia nyingi. Betri za magari haya huwa na seli mbili, jumla volti 7.4, nazo huhifadhi nguvu nyingi katika umbo dogo. Zikitendewa vibaya huvimba, na huweza kulipuka moto usiozimika kwa urahisi.

Usiku mmoja mama alikuta betri inachajiwa chini ya kitanda cha watoto wawili wadogo. Asubuhi yake moja kati ya betri hizo ilionekana imetuna kama mkate. Iliondolewa nyumbani na haikutumiwa tena, na ndivyo inavyopasa: betri iliyovimba haichajiwi hata mara moja zaidi, wala haitupwi kwenye moto wa takataka.

Mjomba aliandika kwamba huko ughaibuni wachezaji wengi huzichajia ndani ya masanduku ya chuma yaliyokuwa ya risasi, na masanduku hayo Juba si kitu adimu. Kijana akaleta moja. Mama alilitazama, akatikisa kichwa.

"Sanduku hilo halilali nyumbani mwangu," akasema. "Tumetoka mbali na vitu hivyo."

Akaenda jikoni, akarudi na chungu cha udongo chenye ufa ambacho hakikufaa tena kupikia. Chungu hicho kikawekwa uani juu ya ardhi tupu, mbali na ukuta wa nyasi, na mchanga ukawekwa kando yake. Kwa kweli chungu kinafaa sana kwa kazi hiyo, maana udongo uliochomwa hauungui wala haupitishi umeme, na mdomo wake ulio wazi huachia moshi utoke badala ya kujikusanya na kupasua chombo.

Kanuni za nyumba hiyo ziliandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Betri ichajiwe nje, mchana, na mtu akiwa karibu. Itumike chaja inayosawazisha seli, na seli isipite volti 4.2. Isiachwe ishuke chini ya volti 3 kwa kila seli. Iliyotoka mbioni ikiwa moto iachwe ipoe kivulini kwanza. Ya kuhifadhiwa kwa siku nyingi ibaki na volti 3.8 hivi kwa kila seli, isijazwe wala isiachwe tupu.

MUHULA ULIPOFUNGWA

Siku ya hesabu ilipofika, kijana hakuliwasha gari. Alimpa mama yake daftari. Mama huyo si msomi wa vitabu, lakini mfanyabiashara wa mandazi husoma tarakimu upesi kuliko wengi. Alifuata safu ya muda kwa kidole, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akaona jinsi sekunde zilivyopungua, zikasimama, zikaongezeka, kisha zikapungua tena. Aliuliza juu ya mistari miwili ambapo hali iliharibika. Kijana akaeleza sababu ya kila mmoja.

Mama alikaa kidogo, kisha akasema jambo lisilotazamiwa. Kwa miezi kadhaa mandazi yake yalikuwa yakinywa mafuta kupita kiasi, na faida ikawa inazama karaini. Alikuwa amebadilisha unga, akabadilisha mafuta, akapunguza maji, yote katika juma moja, na hakuona nafuu.

"Basi tuandike," akasema.

Walipiga safu kwenye ukurasa mpya. Siku mbili unga wa awali ulirudishwa na kitu kingine hakikuguswa. Siku mbili nyingine yakajaribiwa mafuta. Siku ya tano liliguswa jiko peke yake: mkaa uliongezwa, na mandazi hayakutiwa mpaka kipande kidogo cha donge kilipopanda juu mara moja na kuzungukwa na mapovu. Chupa zilipohesabiwa, ugonjwa ulionekana. Mafuta yalikuwa hayajapata moto wa kutosha, na unga uwekwao katika mafuta ya uvuguvugu huyanywa kabla ya kuiva. Unga haukuwa na hatia, kama vile mota ya mjomba isivyokuwa na hatia.

Mfanyabiashara wa Konyokonyo alipelekewa jibu kwamba gari haliuzwi. Karo ililipwa kidogo kidogo, kama ilivyolipwa siku zote, na mafuta yaliyookolewa karaini yalikuwa na sehemu yake ndani ya malipo hayo. Muhula uliofuata gia kubwa ya gari ilikatika meno, na kwa kuwa Juba haina duka la vipuri hivyo, gari lilikaa rafuni kungoja msafiri mwingine kutoka Australia. Kijana hakukaa. Jioni alikuwa kwa mafundi wa pikipiki karibu na soko, akiwa na daftari mfukoni, na mafundi hao walikwisha kuzoea kumsikia akiuliza kabla ya spana kushikwa: "Kitu gani kilibadilishwa mwisho?"

Wazazi wanaoletewa nyumbani kitu cha namna hii, kiwe gari la redio, saa mbovu au redio iliyokufa, wana haki ya kuuliza gharama yake, na wana wajibu wa kuuliza juu ya hatari yake. Wakisha kuuliza hayo mawili, waongeze swali la tatu: daftari liko wapi? Kama halipo, wanunue moja. Ni rahisi kuliko betri, na halilipuki.